Ndoo ya Mafuta Yaliyoganda

Sabuni uliyonawia asubuhi ya leo, nani aliipika, na ungejuaje kama alitaka kukuua?

Usicheke. Mahali pengine hilo ni swali la kichaa. Mjini Bunia, katika miaka ile baada ya vita, bunduki zilipokwisha kukusanywa na kila mtu akaambiwa aishi na jirani yake, lilikuwa swali la kila siku. Watu walijiuliza juu ya maziwa, juu ya samaki wa ziwani, juu ya maji ya kisima. Hawakuuliza kwa sauti. Walinusa tu, wakatazama muuzaji ametoka upande gani, kisha wakanunua au wakaenda zao. Wakubwa walipanda majukwaani wakaiita hiyo amani, wakapigiwa makofi, wakarudi kwenye ndege zao. Sisi tukabaki tunanusa.

Josaphat alikuwa mpishi wa sabuni katika mtaa wa Nyakasanza. Baba yake alikuwa mfugaji, na angekuwa mfugaji yeye pia, lakini ng'ombe wa nyumba yao walikwisha katika vita, hata ndama hakubaki. Alikimbilia kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege akiwa na fimbo ya kuchungia na hana cha kuchunga. Humo kambini akamkuta muzee Antoine, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha mafuta kabla ya waporaji kung'oa mashine, mabati na mwishowe misumari. Muzee Antoine alipika sabuni chini ya hema kwa pipa lililokatwa nusu. Josaphat akamchotea maji, kisha akamkorogea, kisha akajua.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Unachukua mafuta, unachukua soda kali, ile ya vipande vyeupe inayochemka yenyewe ukiitia majini, na unavipika pamoja hadi viwe kitu kimoja. Mafuta yakizidi, sabuni inakuwa laini na inanata. Soda ikizidi, sabuni inakula ngozi. Muzee Antoine alimfundisha mambo mawili ya kujilinda: pima kwa ndoo moja siku zote, usibadilishe ndoo, na kabla ya kumpa mtu sabuni yako, irambe. Soda iliyobaki humo huuma ulimi.

Kwa miaka mingi Josaphat alipika mawese. Mawese ni mekundu, na mteja hataki sabuni nyekundu, kwa hiyo kwanza aliyachemsha peke yake hadi wekundu ukatoka, ndipo akayapima yakiwa moto, yanatiririka. Ndoo ikijaa, imejaa. Haikumdanganya hata mara moja, na kidogo kidogo akaacha kuramba. Kwa nini urambe kitu unachokijua?

Lakini sabuni yake haikutoa povu. Wanawake sokoni walimcheka. "Papa Josaphat, hii sabuni ao jiwe ya kusugulia miguu?" Wakanunua zile za Uganda zilizofungwa kwa karatasi za rangi. Jambo hilo lilimchoma, na lingepaswa kutuchoma sote. Nchi yenye michikichi kama nywele za kichwa inanunua povu kutoka ng'ambo ya mpaka! Mbegu ngumu iliyo ndani ya chikichi ina mafuta meupe yanayotoa povu zuri kabisa, na sisi tunaitupa au kuichoma motoni, kwa kuwa mashine za kuikamua ziliibwa na hakuna kiongozi aliyezirudisha.

Ndipo Tharcisse, mfanyabiashara wa Ariwara aliyepitisha bidhaa zake Bunia, akamletea pipa la mafuta ya nazi. Josaphat hakuwahi kuona mnazi maishani mwake. Alifungua kifuniko akakuta kitu cheupe, kigumu kama mshumaa, chenye harufu tamu. Alichokoa kidogo kwa kidole, na kilipofika kiganjani kikayeyuka kikawa maji.

"Ni mafuta kweli hii?" aliuliza.

"Ni mafuta ya kukamuliwa tu, haikupita mu kiwanda ya kusafisha," Tharcisse alisema. "Kule pwani iko maji siku yote, sababu kule kuko joto. Hapa kwenu baridi ya milima inaigandisha. Wanatia hiyo mu nywele, mu mishumaa, mu biskiti. Lakini kazi yake kubwa ni sabuni. Itatoa povu hata mu maji ya chumvi."

"Na soda?"

"Hiyo inakunywa soda kuliko mawese. Ongeza. Ukipima kama mawese, utapata bouillie, uji tu, hautapata sabuni." Akamwambia aongeze kiasi gani kwa kila ndoo, na kiasi hicho kilikuwa sahihi. Tharcisse hakudanganya.

Josaphat alipika mara ya kwanza alfajiri, kibaridi kikiwa bado kimelala juu ya mtaa. Mafuta yalikuwa meupe tayari, hayakuwa na wekundu wa kutoa, kwa hiyo hakuyachemsha kwanza. Aliyachota kwa koleo, mabonge kwa mabonge, akajaza ndoo, akamimina katika pipa la kupikia. Yalipoyeyuka aliona hayakufika juu kama mawese yanavyofika. Akadhani mafuta ya kigeni hupungua motoni. Akatia soda. Sabuni ikatoka nyeupe kama kitambaa cha altare, ngumu, ikakatika kwa kishindo chini ya waya. Aliipanga kibaoni, akasimama mbele yake kama mtu aliyejenga kanisa.

Siku mbili baadaye alipika mara ya pili, safari hii mchana, jua limelipasha pipa na mafuta yameyeyuka. Hakuona tofauti yoyote ya maana, ila kwamba pipa la kupikia lilijaa vizuri.

Sasa, ng'ambo ya avenyu yao kulikuwa na nyumba ambayo ua wake uliungua katika vita na haukujengwa tena. Ilikaa tupu kwa miaka. Kisha Xavier na mkewe Émilienne wakarudi. Walikuwa watu wa kule Djugu, wa upande ule mwingine. Kila mtu wa Bunia anaelewa ninachosema, na wasioelewa wamshukuru Mungu. Xavier alikuwa fundi wa pikipiki. Watu hawakujua alikuwa wapi wakati wa vita, na hawakumuuliza, kwa sababu angeweza kuwauliza wao pia. Walisalimiana kwa kichwa, basi.

Émilienne akajifungua mtoto wa kiume. Na Bunia huendi kumwona mzazi mikono mitupu. Unakwenda na sabuni: ya kumwogeshea mtoto, ya kufulia vitambaa, ya mama mwenyewe. Mzazi asiyeletewa sabuni ameambiwa na mtaa mzima kwamba hana watu. Tangu vita, hakuna mama wa upande huu wa avenyu aliyevuka kwenda kwa mzazi wa upande ule. Emerance, mke wa Josaphat, aliwasema akina mama wa kanisa kila siku hadi wakaona haya. Jumapili baada ya misa wakakubali kuvuka, na Josaphat akawapa sabuni za mpiko wa kwanza, ule wa alfajiri, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimekauka zaidi. Alichagua zilizonyooka. Hakuchukua hata faranga.

Alasiri ile alikuwa kibandani, anakata mpiko wa pili, Emerance aliporudi, uso umemng'aa.

"Wametupokea, Josaphat! Émilienne amecheka mupaka machozi. Amenipa mutoto mu mikono. Iko muzito, sijui alimulisha nini mu tumbo."

"Mumemuita nani?"

"Si siye tunamuita. Iko Augustin, jina ya babu yake." Alikuwa akizungumza na kujikuna, mkono huu, kisha ule.

Josaphat aliacha waya. "Uko na nini mu mikono?"

"Sijui. Pengine majani ya shamba. Hata mama wengine walikuwa wanajikuna mu njia. Tulinawa tu pale, mbele ya kubeba mutoto."

"Mulinawa na nini?"

"Na sabuni yako, weye! Émilienne alifungua moja mbele yetu, kwa heshima. Anasema hata mutoto ataoga nayo leo jioni, maji ikipata moto."

Josaphat aliushika mkono wa mkewe akaugeuza kwenye mwanga. Kati ya vidole ngozi ilikuwa nyekundu, imekakamaa. Alikwenda kwenye kibao cha mpiko wa kwanza, akachukua kipande kilichobaki, akakigusa kwa ulimi.

Ulimi uliruka kama umegusa waya wa betri.

Alitema, akachukua kipande cha mpiko wa pili, akakigusa. Uchungu wa sabuni tu. Akakirudia kile cha kwanza, kama mtu anayetumaini kwamba ameota, nacho kikamuuma tena. Akatazama koleo. Akatazama ndoo. Akayaona yale mabonge meupe ya alfajiri yakilaliana humo ndani, huku nafasi, huku nafasi, juu pamejaa na katikati ni hewa. Ndoo ya mabonge si ndoo ya mafuta. Alikuwa ametia soda ya ndoo nzima katika mafuta yasiyofika ndoo.

"Nimepika moto," alisema.

Emerance alielewa haraka kuliko alivyotaka. Alikaa chini juu ya kigogo. "Ngozi ya mutoto wa juma moja..." Kisha akasema lile ambalo wote wawili walikuwa wanalitazama. "Watasema tulimupelekea sumu. Watasema akina mama wote walikuja kumuua."

Na wangesema. Mimi nakwambia wangesema, na kabla ya usiku kuingia neno hilo lingefika Djugu na kurudi limeshika panga. Miji imeungua kwa sababu ndogo kuliko mgongo wa mtoto.

"Nenda weye," Josaphat alisema. "Ni mambo ya wanawake. Sema mulikosea fungu. Sema ile ilikuwa ya kufulia."

"Mimi niende niwaambie mapendo yetu ilikuwa ya kufulia?" Emerance alisimama. "Weye ndiye ulipika. Na jua linaanguka, Josaphat. Maji iko juu ya moto."

Josaphat alifunga vipande vya mpiko wa pili katika kitambaa, akatoka. Avenyu ile ilikuwa na upana wa gari mbili. Josaphat aliivuka akitunga uongo, na kila uongo alioutunga ulikatika njiani. Vijana waliokaa mbele ya kioski walimwona akienda upande ule, mwanamume peke yake, kifurushi mkononi, wakamfuata kwa macho.

Hakukuwa na ua wa kubishia hodi. Aliwaona moja kwa moja: Émilienne ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mtoto uchi amelala juu ya mapaja yake, beseni linatoa mvuke, na sabuni nyeupe iko tayari kiganjani mwake.

"Acha!" Josaphat alipiga kelele. "Mama, acha! Usimuguse nayo!"

Émilienne alimkumbatia mtoto kifuani. Mtoto akaanza kulia. Xavier alitoka nyuma ya nyumba, mikono myeusi kwa mafuta ya injini, spana kubwa ya chuma mkononi. Nyuma yake wakatoka ndugu zake waliokuja kusherehekea, mmoja, mwingine, na mwingine.

"Unapiga kelele ya nini mu nyumba yangu?"

Josaphat alijua kwamba huu ndio wakati wa ule uongo. Alifungua mdomo. "Ile sabuni... akina mama walikosea. Ile ni ya kufulia. Nimeleta ingine."

"Ya kufulia." Xavier aliitazama sabuni mkononi mwa mkewe, akatazama kitambaa mkononi mwa Josaphat. "Nyeupe hii, nyeupe ile. Kipimo moja, harufu moja. Weye unakimbia hivi juu ya sabuni ya kufulia?"

Josaphat alimtazama mtoto aliyekuwa akilia.

"Hapana," Josaphat alisema. "Nimedanganya. Ile sabuni iko mubaya. Soda ilizidi. Itamuchoma."

Mmoja wa ndugu alisema kitu kwa lugha yao, kifupi. Xavier alimzuia kwa mkono bila kugeuka. "Kwa hiyo mulituletea sumu."

"Si sumu. Ni ndoo!" Na kwa hofu Josaphat akaanza kueleza ovyoovyo, mafuta, baridi, mabonge, hata yeye mwenyewe alisikia kwamba hayana kichwa wala miguu. Macho yake yakaanguka kwenye sinia la muhogo uliokatwa vipande, ulioandaliwa kupikwa. "Nipe kikombe," alimwambia Émilienne. "Mama, nakuomba."

Émilienne akakisukuma kikombe kwa mguu. Josaphat alikijaza muhogo hadi ukingoni. "Imejaa, ao haijajaa?"

"Imejaa," alisema yule ndugu, kwa shari.

Akachota maji kwenye beseni, akamimina. Kikombe kikanywa. Akamimina tena, kikanywa tena. "Mimi niliona muhogo, nikasema kikombe imejaa. Soda nikaitia ya kikombe nzima. Ile soda iliyokosa mafuta, inatafuta ngozi. Ni mimi nilikosa. Akina mama hawajui kitu. Mama Emerance mikono yake imeungua sawa ya wengine wote."

Xavier alikitazama kikombe kwa muda. Fundi wa injini anaelewa vipimo. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na mtu huyu alikuwa amepoteza watu ambao majina yao hakuyataja kamwe. Alichukua sabuni mkononi mwa mkewe akamnyooshea Josaphat.

"Nawa."

"Xavier," Émilienne alisema.

"Anasema si sumu. Anawe. Uso pia."

Josaphat alipiga magoti mbele ya beseni. Alijipaka mikono hadi viwiko, akajipaka uso. Povu lilitoka tele, zuri, jeupe, lile povu aliloliota, na ndani yake ngozi ikaanza kuwaka. Jicho moja likaingia povu, akaguna, hakuacha. Walimtazama. Hakuna aliyesema acha, hadi Émilienne mwenyewe alipochukua kopo akammiminia maji safi kichwani.

"Inatosha," alisema. "Ameona."

Xavier aliokota sabuni zote mbaya akaziweka ndani ya nyumba. "Hizi hazirudi. Kama kuna kitu kitapata mutoto, zitaongea." Zile mpya alizitoa kwenye kitambaa, akazinusa, akaziweka juu ya ukuta mfupi wa jiko, hakuziingiza ndani. "Leo hataoga. Enda."

Nyumbani Emerance alimpaka mikono na uso yale mafuta ya nazi mabichi, jinsi yalivyo, bila soda. Yaliyeyuka juu ya ngozi iliyoungua, moto ukashuka kidogo. Kutoka ng'ambo ya avenyu zilisikika sauti za wanaume, na mara pikipiki iliwashwa ikaondoka kwa kasi kuelekea barabara ya Djugu. Emerance alifunga vitu vya watoto wao katika mfuko mmoja, akauweka karibu na mlango, kama miaka ya vita. Josaphat aliuona mfuko. Hakumwambia aufungue.

Asubuhi iliyofuata alitoka kungali na ukungu, jicho limevimba, akasimama nyuma ya mti wa uzio wake.

Ng'ambo, Xavier alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mkewe, amevua shati. Alichukua kipande kimoja cha sabuni juu ya ukuta wa jiko. Alijipaka kifua, akajipaka shingo, akajipaka ndani ya mkono pale ngozi ilipo laini, kisha akakaa, povu likimkaukia, hatikisiki, anangoja kama itamchoma. Ndugu yake alisimama mlangoni. Josaphat alishika mti kwa mikono yake iliyopasuka, hakuhisi maumivu.

Xavier alijimwagia maji. Alijitazama mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Akasema neno moja kuelekea ndani.

Émilienne alitoka na mtoto. Alimlaza juu ya mapaja, akachovya kitambaa katika beseni, akachukua sabuni. Povu likashuka kwenye ule mgongo mdogo, na mtoto akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, na Josaphat hakuweza kujua kama ni kilio cha maji au kilio cha moto. Xavier aliinama. Alimgeuza mwanawe, akamkagua makwapa, akamkagua shingo, akapitisha kidole polepole kwenye uti wa mgongo.

Mtoto alipiga chafya, akanyamaza.

Xavier akamrudisha mapajani mwa mama yake, naye Émilienne akampaka sabuni tena.